Leseni haikunifundisha kushuka Mkoani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumze na madereva wenzangu wa Pemba na Unguja, na zaidi na walimu wa udereva na wale wenye dhamana ya kutoa leseni.

Mtoto wa kaka yangu amefaulu mtihani wake wa udereva, na leseni alikuja kunionesha siku ile ile aliyoipata. Nilifurahi naye. Nilipomuuliza alitahiniwa nini, akanihesabia: alama za barabarani, kurudi nyuma baina ya vigingi, kuegesha, kuondosha gari kwenye mwinuko bila ya kurudi nyuma, na mzunguko mmoja barabarani. Nikamuuliza kama amewahi kuendesha usiku. Hajawahi. Kwenye mvua? Mvua ikinyesha, mwalimu wake alikuwa akiahirisha somo. Gari yenye mzigo? Akanitazama tu.

Na mimi nilitoka hivyo hivyo. Mwaka wangu wa kwanza na leseni nilipewa keri, ile gari ndogo ya mizigo, nipeleke mzigo Mkoani uwahi meli: mikungu ya ndizi, magunia ya majimbi, na shangazi yangu amekaa mbele na kikapu mapajani. Anayeijua Mkoani anajua kuwa mji umekaa mlimani na bandari iko chini kabisa. Mteremko ulipoanza nikatia fri, yaani nikaitoa gari kwenye gia, kwa sababu vijana wenzangu walikuwa wakisema ndiyo njia ya kuokoa mafuta. Gari ikashika kasi, nikakanyaga breki, ikapunguza, nikaachia, ikashika kasi tena. Mara ya nne au ya tano ile pedeli ikaanza kuwa laini. Mguu ulizama kama unaokanyaga mchanga wa pwani maji yakitoka. Harufu ya kuungua ikaingia dirishani. Shangazi akaanza kusoma dua kwa sauti, na mimi mkono mmoja ukawa kwenye breki ya mkono. Tulisimama hatua chache kabla ya watu waliokuwa wakiteremsha mizigo yao.

Utingo alikimbia kuleta ndoo ya maji amwagie magurudumu. Mzee mmoja dereva wa lori akamzuia: "Usiitie maji, chuma cha moto kitapasuka. Iache ipoe yenyewe." Kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, umeshuka na fri?" Nikamwambia ndiyo, mzee. Hakunikaripia. Akasema, "Mlima unashukwa kwa gia ambayo ungeupandia."

Maneno hayo niliyakosa katika masomo yangu yote ya udereva, na ndiyo yaliyoniweka hai mpaka leo. Baadaye nikajifunza sababu yake. Breki haifanyi jengine ila kuugeuza mwendo wa gari kuwa joto. Ukiikanyaga mfululizo kwenye mteremko mrefu, joto halipati nafasi ya kutoka, breki zinapoteza mshiko, na mafuta ya breki yakichemka yanatoa povu ndani ya mipira ya breki, ndipo pedeli inapolainika. Mafuta hayo yanavuta unyevu wa hewani kadiri yanavyokaa, na yakiwa na unyevu yanachemka mapema zaidi. Visiwani kwetu hewa yote ni unyevu, lakini ni wangapi kati yetu wanaoyabadilisha kila miaka miwili? Na ile hesabu ya kuokoa mafuta haina ukweli kwa gari za siku hizi zenye mfumo wa kompyuta. Ukishuka ndani ya gia bila ya kukanyaga mafuta, injini hukata petroli yenyewe. Ukiwa kwenye fri, inaendelea kunywa ili isizimike.

Tatizo jipya, na hili linanitia hofu zaidi, ni gari za otomatiki. Kijana anajifunza kwa gari ya gia za mkono, akishapata leseni ananunua au anaazimwa otomatiki kutoka Japani, anatia D, gia ya kwenda mbele, na hiyo D ndiyo maisha yake yote. Mtoto wa kaka yangu aliniuliza, "Ami, hii 2 na L ni za nini?" Nikamjibu, "Ni gia nzito za kushukia mlima. Ni kule kupangua gia alikokuambia mwalimu, ila hakukuambia kuwa na otomatiki inayo." Barabara zetu za Pemba ni vilima na mabonde kuanzia Mkoani mpaka Konde. Kumpa mtu leseni hapa bila ya kumshusha hata mteremko mmoja wa haja gari ikiwa na uzito ni kumwachia kazi ngumu kuliko zote ajifunze peke yake, na abiria ndani.

Yako mengine niliyoyajua nikiwa tayari na leseni mfukoni, nayataja kwa ufupi. Mvua ya mwanzo ya vuli inateleza kuliko mvua kubwa ya wiki ya pili, kwa sababu vumbi na mafuta yaliyojikusanya juu ya lami miezi isiyo na mvua yanageuka utelezi kabla ya kusombwa. Usiku, gari inayokuja ikikupiga taa kubwa usoni, usizitazame taa zake. Punguza mwendo na tazama ukingo wa kushoto wa barabara. Katika Ramadhani watu wanatoka tarawehe pembezoni mwa barabara isiyo na taa, kina mama wamevaa mabuibui meusi, na taa ndogo za gari hazikuoneshi mtu wa aina hiyo mpaka umeshamkaribia sana. Msimu wa karafuu majamvi yanaanikwa ukingoni mwa barabara, na palipo na jamvi pana mtoto anayelilinda. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari inakwenda mita 22 kila sekunde, na sekunde moja ndiyo anayohitaji mtu wa kawaida mpaka mguu wake ufike kwenye breki. Nimewaona vijana wakipita penye majamvi kwa mwendo huo, na roho yangu inaniuma.

Sasa ninachoomba. Nilipata kuona nyuma ya gari iliyoshushwa kutoka Japani kibandiko cha rangi mbili, njano na kijani, mfano wa jani changa. Nilidhani ni pambo. Kumbe tangu mwaka 1972 Japani dereva mpya analazimika kuweka alama ile mbele na nyuma ya gari yake kwa mwaka mzima baada ya kupata leseni, na ni kosa kwa dereva mwengine kumbana au kumkatia njia kwa nguvu. Tunazileta gari zao, basi tulete na hili. Sisi tunabandua kibao cha L cha mwanafunzi siku ya kufaulu, na kesho yake gari ya abiria inampigia honi kijana wa watu kama kwamba ana miaka 20 barabarani.

Uingereza nako tangu 1995 kuna mafunzo ya hiari yanayoitwa Pass Plus, kwa mtu aliyekwishafaulu: si chini ya saa sita, na ndani yake mna kuendesha usiku, kwenye hali mbaya ya hewa na njia za mashamba. Sisemi tuige kila kitu wala tuwaongezee wazazi gharama wasizoziweza. Nasema katika masomo yale yale yanayolipiwa sasa, moja liwe baada ya magharibi, moja liwe kwenye mteremko na gari imepakiwa, na siku ya mvua mwalimu asiahirishe, bali aseme leo ndiyo siku yenyewe. Na mtahini amuulize mwanafunzi swali moja tu la nyongeza: mlima huu utaushuka kwa gia gani?

Kwa mtoto wetu sikungoja. Jumamosi tulipakia magunia ya mchanga nyuma, tukaenda Mkoani, tukashuka mpaka bandarini mara tatu. Mara ya kwanza alishikilia breki njia nzima. Mara ya tatu alitia 2 kabla ya mteremko kuanza, mguu ukawa unaigusa breki mara moja moja tu, na tulipofika chini nikashuka nikaweka mkono karibu na gurudumu. Lilikuwa na uvuguvugu tu.

Ni mimi dereva na msomaji wako,
Chake Chake, Pemba.