Programu za kufundishia askari ziandikwe na waliovaa buti

Mhariri,

Vijana wa kompyuta hapa Dodoma wakizungumzia programu za kufundishia askari, husifia picha tu: vifaru vinavyong'aa, moshi, milipuko. Mimi mstaafu naona wameanzia mkiani. Mwaka 1824 Waprusia, dola ya Kijerumani ya zamani, walifundisha maofisa kwa mchezo wa vita wa ramani, dadu na mwamuzi mkali. Somo lilikuwa maamuzi.

Chukua tukio hili. Kizuizi cha barabarani, saa kumi na moja alfajiri. Pikapu inakuja bila taa, nyuma wamekaa akina mama juu ya magunia. Redio inakoroma, amri haisikiki. Mwanafunzi afanyeje? Akichelewa, programu isimwandikie "umekosea". Imwonyeshe kilichofuata, kisha mkufunzi akae naye amuulize aliona nini na aliwaza nini. Bila kikao hicho, huo ni mchezo wa watoto wa mjini.

Na wahusika waongee Kiswahili, hata kile cha Kongo, ambako askari wetu walipelekwa kulinda amani mwaka 2013.

Chuo Kikuu cha Dodoma kina wataalamu wa kompyuta. Sisi wastaafu tupo Nzuguni na Ihumwa tunafuga kuku. Watuite, chai tutajinunulia.

Mstaafu,
Nzuguni, Dodoma