Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Wamiliki wa Majengo ya Biashara, Kariakoo

Ndugu wanachama, wazee wetu mliokaa mbele, nanyi vijana mliorithi viwanja pamoja na madeni yake: Assalaamu alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe.

Katiba ya chama chetu inanitaka nieleze mwaka ulivyokwenda. Nianze na fremu tupu, vyumba vyetu vya maduka visivyo na wapangaji, maana ndizo zilizoninyima usingizi. Wengi wenu mnakumbuka enzi ambayo mpangaji akitoka, anayeingia ameshamlipa kilemba, yaani hela ya kuachiwa fremu, kabla wewe mwenye nyumba hujapata hata habari. Dalali ndiye aliyekuwa anakujulisha kwamba jengo lako lina mtu mpya. Leo nikipita Mtaa wa Aggrey au Narung'ombe naona karatasi zimebandikwa kwenye mageti ya ghorofa za juu, zenye namba ya simu na neno "inapangishwa", na zingine zimepauka kwa jua. Karatasi ikipauka, ujue mwenye jengo bado anang'ang'ania bei ya mwaka juzi.

Tumezoea kulaumu kodi za serikali. Kodi zipo, nitazifikia. Ila mpangaji wetu amebadilika kuliko tulivyobadilika sisi. Muuza viatu wa sasa anapiga picha, anaiweka Instagram, mteja wa Mbeya anatuma pesa kwa simu na mzigo unapanda basi jioni. Mtu huyo anahitaji stoo kavu, lifti inayofanya kazi na mahali pa kupakilia. Kioo cha kutazama barabarani hakimsaidii, na hatalipia kilemba cha kioo.

Halafu kuna Ubungo. Pale palipokuwa stendi ya mabasi ya mikoani pamesimama kituo kikubwa cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000, kilichozinduliwa Agosti 2025. Kwenye kikao cha Septemba baadhi yenu mlisema Kariakoo itakufa. Sikukubali, na sikubali leo. Mteja wa Lubumbashi au Bujumbura haji Dar kufuata duka moja. Anakuja kwa sababu ndani ya nusu siku, kwa miguu, anapata vitenge, vipuri, vyombo na mtu wa kumfungia mzigo. Hilo halijengwi kwa miaka miwili. Lakini Ubungo wana maegesho na nafasi ya lori kugeuza, na wamejenga njia za kukimbilia moto ukiwaka. Hivyo tulikuwa navyo kwenye michoro yetu, kisha tukavifanya fremu. Nitalirudia hili.

Pigo jingine lilikuja tarehe 28 Julai 2025, ilipotoka amri inayozuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwemo jumla na rejareja, isipokuwa supamaketi na vituo vya jumla vya wazalishaji wa ndani. Wafanyabiashara wenyeji walilililia hili muda mrefu na mimi nawaelewa. Lakini tusidanganyane humu ndani: wapo kati yetu waliompisha Mchina kwa sababu alilipa mwaka mzima kwa mkupuo, wakamwondoa kijana wa Kitanzania aliyelipa kwa miezi mitatu mitatu. Sasa Mchina anaondoka na yule kijana kashapanga kwingine. Waliokuwa na leseni hai waliachiwa mpaka ziishe, kwa hiyo hesabu kamili ya fremu zitakazobaki wazi tutaiona mwaka huu wa 2026. Tena Mtanzania anayemsaidia mgeni kukwepa amri hiyo ana faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Mwanachama ambaye mkataba wake uko kwa jina la shemeji yake na duka linaendeshwa na mtu mwingine, aonane na mwanasheria wetu kabla hajaonwa na wengine.

Sasa dola. Kanuni zilizoanza kutumika tarehe 28 Machi 2025 zimepiga marufuku kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, na mikataba ya zamani ikapewa mwaka mmoja irekebishwe. Wengi wa Kariakoo tulikuwa kwenye shilingi siku zote, ila wanachama wenye ofisi za kupangisha Posta na Masaki walitikisika. Nitasimulia yaliyowapata wawili bila kuwataja. Wa kwanza aliwahi. Mwezi Mei alikaa na mpangaji, wakabadili kodi kuwa shilingi kwa bei ya siku ile, dola ikiwa karibu 2,700. Wa pili alisubiri akiamini shilingi itazidi kushuka. Shilingi ikapanda, mwisho wa mwaka dola ikawa chini ya 2,500, na mpangaji wake, ambaye si mjinga, ndiye akaanza kumpigia simu kila wiki wabadilishe mkataba. Ghorofa zenyewe zinafanana, lakini kodi zimeachana kwa karibu sehemu moja ya kumi.

Hiyo ilikuwa bahati, na bahati si mpango. Mwenye mkopo wa dola benki bado anarejesha kwa dola wakati kodi inaingia kwa shilingi. Atafute kuugeuza mkopo huo mapema, japo riba ya shilingi ni karibu asilimia 15 na inauma. Benki Kuu ilishusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75 mwezi Julai, lakini kule dirishani sisi bado hatujauona unafuu huo. Na katika mikataba mipya acheni ile ibara ya kupandisha kodi asilimia 10 kila mwaka. Mfumuko wa bei ni kama asilimia 3 na kitu. Mpangaji anasaini kwa sababu anataka ufunguo, mwaka wa pili anahama.

Kuhusu TRA, Mamlaka ya Mapato, nitasema machache. Mpangaji wa biashara anatakiwa akate asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka kwa jina lako. Wengine wanakata na hawapeleki. Daini cheti cha zuio, kinachothibitisha kwamba kodi hiyo imekatwa na kupelekwa, kila mnapopokea kodi, kwa sababu bila karatasi mkononi utabishana hadi uchoke. Mwenye mapato ya kupangisha zaidi ya shilingi milioni 200 kwa mwaka anaingia kwenye VAT, kodi ya ongezeko la thamani, hilo halina mjadala. Kodi ya majengo inayokatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, shilingi 7,500 kwa mwezi kwa kila ghorofa, imeendelea kuleta vurugu kwenye majengo yenye mita nyingi, ambako mpangaji wa stoo anajikuta amemlipia mwenye nyumba bila kujua. Mrudishieni. Ni hela ndogo na inavunja heshima kubwa.

Siku zile za uchaguzi, mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba, pamoja na amri ya kutotoka nje usiku na intaneti kuzimwa, maduka yalifungwa na hakuna aliyelipa wala aliyedai. Kamati iliwashauri msamehe siku zile. Wengi mlisamehe, na nawashukuru.

Nimefika mahali nilipoahidi kurudi. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilianguka hapa hapa Kariakoo asubuhi, watu wakiwa wameshafungua maduka. Walikufa watu wasiopungua 29. Chini ya jengo lile palikuwa panachimbwa ili kuongeza nafasi ya biashara. Kabla ya hapo, Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilishuka na kuua watu zaidi ya 30. Kati ya misiba hiyo miwili tulipata miaka 11 ya kujifunza, na tukaitumia kuchimba.

Viwanja vyetu vilipimwa kwa ajili ya nyumba za Kiswahili, zile za chumba kushoto na kulia na ukumbi katikati. Juu ya viwanja hivyo tumesimamisha ghorofa nane, kumi, nyingi kwa ubia: familia inatoa kiwanja, mjenzi anatoa zege, wanagawana sakafu kwa miaka kadhaa. Mjenzi anajua muda wake una mwisho. Kwa hiyo anakata fremu mbili ziwe nne, ngazi ya dharura inakuwa duka la chaja, na maegesho ya chini yanakuwa stoo. Mita moja ya mraba tumeiuza mara tatu. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, hawakutujua sisi tunaoupiga ufa rangi na kupandisha kodi.

Sisemi haya nikiwa juu ya mti. Jengo langu mwenyewe lilipata kibali likiwa na maegesho chini. Nikayafanya fremu, nikavunja ukuta mmoja ili njia iwe pana, na kwa miaka mingi fremu zile ndizo zilisomesha wanangu. Baada ya Novemba ile nilimwita mhandisi. Alikuja na mchoro wa zamani na nyundo ya kupimia zege, akakaa kutwa nzima, akatoka na vumbi kichwani, akaniuliza swali moja: "Mzee, huu ukuta nani alikwambia uvunje?" Sikuwa na jibu. Nimefunga fremu zote za chini, nguzo mbili zimeongezwa unene, na mapato yangu yamepungua. Wapangaji wa juu walipoona kazi inafanyika, hakuna hata mmoja aliyehama. Wawili walileta ndugu zao.

Bima pia. Tangu 2022 sheria inalazimisha jengo la biashara kukatiwa bima, na soko letu liliungua Julai 2021 sote tukitazama. Bado wapo wanaokata bima ya moto kwa thamani ya ujenzi wa miaka 15 iliyopita. Nondo na saruji haziuzwi kwa bei ya wakati huo.

Wanaouliza pesa mpya waiweke wapi: ningekuwa kijana nisingepandisha ghorofa nyingine hapa. Bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, ilizinduliwa Julai 2025, reli iko jirani, na mzigo utatafuta paa. Godauni halina lifti wala kilemba, na mpangaji wake hulipa kwa mkataba mrefu. Hakikisheni hati tu, kule Pwani kiwanja kimoja huuzwa na wajomba watatu.

Kamati inapendekeza kila mwanachama alete taarifa ya mhandisi aliyesajiliwa kabla ya mkutano wa nusu mwaka, na asiyeleta asiendelee kutumia jina la chama kwa madalali wala benki. Tutapiga kura baada ya mhazini kusoma hesabu. Chai iko tayari nje. Wale mliochimba chini ya ardhi, na mnajijua, naomba tukutane meza ya pembeni. Mhandisi wangu nimemleta.