Kwa vijana wanaotaka kurudisha mvuke barabarani: pimeni kabla ya kuahidi

Wanangu,

Marahaba kwa salamu zenu zote. Nawaandikia kwa pamoja, ninyi wa gereji za Gerezani na Keko, ninyi mnaosoma DIT na VETA Chang'ombe, na yeyote mwingine hapa Dar es Salaam ambaye siku hizi anachora injini ya mvuke ya gari na kuwaambia watu kwamba itakuwa safi kuliko petroli na itakula mafuta kidogo kuliko dizeli. Nimekula mshahara wa boila, ule mtambo wa kuchemshia maji yawe mvuke, maisha yangu yote ya kazi, na jambo hili nalipenda. Ndiyo maana sitaki lije kudharauliwa kwa sababu ya maneno yaliyotangulia kazi.

Ahadi yenu ina sehemu mbili, na hazina uzito sawa. Moshi safi, hilo ni kweli na mnaweza kulisimamia mbele ya mtu yeyote. Kubana mafuta bado ni deni, na waliojaribu kulilipa kabla yenu walikuwa na fedha na karakana kubwa kuliko zenu.

Nianze na lililo kweli. Ndani ya silinda ya petroli moto unawaka kwa kufumba na kufumbua, umebanwa, na unazimika ukigusa kuta za baridi kabla mafuta yote hayajaungua. Hapo ndipo inapotoka kaboni monoksaidi na ile harufu inayowachoma macho abiria pale Buguruni jioni. Kwenye mvuke moto uko nje ya silinda. Unawaka mfululizo, kwenye presha ya kawaida ya hewa, una nafasi na una muda. Ukirekebishwa vizuri, joto lake halipandi hadi kuzalisha oksidi za naitrojeni kwa wingi. Tena hauchagui chakula: mafuta ya taa, spiriti, gesi asilia ya Songosongo, hata mafuta yaliyokaangia chipsi yakichujwa. Na pistoni ya mvuke ina nguvu zake zote tangu gurudumu likiwa limesimama, kwa hiyo klachi haina kazi, na kwenye foleni injini inatulia kabisa badala ya kunguruma bure.

Lakini angalieni. Kila lita ya dizeli inayoungua inatoa kama kilo 2.7 za kaboni dioksaidi, iungue ndani ya silinda au nje yake. Gesi hiyo haiondoki kwa moto mzuri, inapungua kwa kuchoma lita chache tu. Kwa hiyo huwezi kusema gari ni safi ukaishia kwenye moshi.

Sasa tuje kwenye deni lenyewe. Kuchemsha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 30, ambayo ndiyo hali ya maji ya bomba hapa kwetu, hadi nyuzi 100, kunataka kilojuli 290 hivi. Kuyageuza maji hayohayo yawe mvuke kunataka 2,257 nyingine, karibu mara nane. Hilo ndilo joto fiche mlilofundishwa darasani, na ndilo linalokula mafuta yenu. Mvuke ukishamaliza kusukuma pistoni, bado umebeba sehemu kubwa ya joto hilo, na ili urudi kuwa maji lazima ulimwage hewani. Dawa yake inajulikana tangu zamani: kupandisha joto la mvuke. Mvuke wa nyuzi 200 unaopozwa kwenye nyuzi 100 hauwezi kutoa zaidi ya asilimia 21 ya joto lake kuwa kazi, hata injini iwe imetengenezwa na malaika. Ukiupeleka nyuzi 500, kikomo kinapanda hadi asilimia 52 hivi. Hicho ni kikomo tu. Injini halisi inabaki chini yake, mara nyingi chini sana. Vichwa vingi vya treni vya mvuke havikuwa vikifika asilimia 10.

Mtasema mitambo ya umeme ya mvuke inapita asilimia 40. Ni kweli. Ila ina mvuke mkali mno, turbini za hatua nyingi, na mto au bahari ya kupozea. Gari lina rejeta na upepo wa Dar es Salaam wenye nyuzi 32. Hapa naomba mkae, kwa sababu michoro mingi niliyoonyeshwa ina pistoni nzuri sana na kondensa, yaani kipoza kinachorudisha mvuke kuwa maji, iliyochorwa pembeni kama kitu cha kununua dukani. Injini ya petroli hutupa sehemu kubwa ya joto lake kwenye ekzosi, rejeta inabaki na mzigo wa wastani. Ya mvuke hutupa karibu lote kupitia kondensa. Mkitaka kilowati 40 na injini inageuza asilimia 20 ya joto la mvuke kuwa kazi, kondensa ina kilowati 160 za kumwaga. Jaribuni kuzimwaga mkipanda mlima polepole, jua la saa nane mchana, feni ikila nguvu ya injini ileile. Rejeta ya gari dogo haibebi. Anzeni na kondensa. Pistoni itawasubiri.

Wapo wanaowaambia kwamba mvuke uliuawa na matajiri wa mafuta. Achaneni na hadithi hiyo. Magari ya mvuke yenyewe yalichoma petroli na mafuta ya taa, muuza mafuta alikuwa na sababu gani ya kuyachukia? Mwaka 1906 gari la mvuke la ndugu wawili mapacha, akina Stanley wa Marekani, lilikimbia kilomita 205 kwa saa kwenye mchanga wa Ormond Beach, Florida. Rekodi hiyo ya magari ya mvuke ilidumu hadi mwaka 2009, Waingereza walipofika kilomita 225. Kasi ilikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa wepesi wa matumizi: asubuhi ulisubiri boila ipate moto, na mpaka mwaka 1915 magari ya Stanley hayakuwa na kondensa, yakawa yanakunywa maji njia nzima. Mwaka 1912 Cadillac ilifunga stata ya umeme. Aliyekuwa akizungusha hendeli ya petroli kwa jasho akawa anabonyeza kitufe, na hoja kubwa ya mvuke ikaishia hapo.

Msomeni sana Abner Doble. Miaka ya 1920 kule California alijenga gari lenye boila ya koili, bomba jembamba lililojikunja lenye maji kidogo tu, presha mara 50 hivi ya hewa ya kawaida, mvuke wa nyuzi 400, na kondensa ya kweli. Liliwaka na kuondoka kwa muda wa dakika moja hivi. Mpaka leo sijaona mchoro wa gari la mvuke usio na deni kwake. Na bado magari aliyojenga hayakufika 50, yakawa ghali kupindukia, na kampuni ikafungwa mwaka 1931.

Kisha ipo California ya miaka ya 1971 na 1972, ambayo kwangu ndiyo somo kubwa zaidi. Jimbo hilo liliweka mabasi matatu ya mvuke barabarani, kila moja la fundi wake, kwa sababu lilikuwa limechoshwa na moshi. Yakapimwa. Moshi ukawa msafi kama ilivyoahidiwa. Mafuta yakaliwa kupita kiasi kuliko basi la dizeli. Oktoba 1973 mafuta yakaadimika na kupanda bei duniani, na hakuna aliyetaka tena kusikia habari za injini safi inayokunywa hivyo. Nao wa petroli hawakulala: kuanzia magari ya 1975 wakafunga kwenye ekzosi kile kikopo ambacho mafundi wetu wanakiita masega, baadaye wakaja na sindano za mafuta zinazoongozwa na kompyuta. Usafi ambao ulikuwa mtaji wa mvuke wakaukaribia. (Na hapa niwaambie jambo lililo chini ya uwezo wenu leo hii: acheni kuyang'oa masega ya magari ya wateja na kuyauza. Moshi wa jiji hili ungepungua kabla hamjawasha boila hata moja.)

Hata huku kwetu mvuke uliondoka kwa hesabu hiyohiyo. Meli ya Liemba, ambayo iliteremshwa vipande vipande bandarini hapa kabla ya kupelekwa Kigoma kwa reli, ilizaliwa na mvuke. Miaka ya 1970 ikafungwa dizeli.

Sasa mniulize: je, tuache? Hapana. Ila mchague mlango. Magari ya mjini yanaelekea kwenye umeme, na treni ya SGR tayari inatoka hapa kwenda Dodoma bila tone la dizeli. Kushindana na betri kwenye safari fupi za Mbagala na Posta naona ni kujichosha. Ninakoona nafasi yenu ni kwenye malori. Kama theluthi ya nishati ya mafuta yaliyonunuliwa kwa shida inatoka na ekzosi. Lori linalotoka Kurasini kwenda Tunduma lina zaidi ya kilomita 900 za kuvuta mzigo, na likipanda Kitonga ekzosi yake ina joto la kutosha kutengeneza mvuke bila kuongeza tone. BMW walijaribu njia hii mwaka 2005 kwenye injini ya petroli ya lita 1.8, wakatangaza kuokoa hadi asilimia 15. Haikuingia sokoni. Lakini gari dogo linawaka na kuzima, boila yake inapoa kila mara, na lori la safari ndefu haliko hivyo. Lori linalokunywa lita 400 kufika Tunduma likipunguziwa asilimia 5 tu, ni lita 20 kila safari. Mwenye lori anaielewa hesabu hiyo bila kuelezwa. Mtapambana na uzito, na ekzosi mkiiziba itairudishia injini mzigo. Hayo yanapimika.

Na kupima hakutaki maabara ya kigeni. Fungeni kamba kwenye gurudumu la injini, kila ncha kwenye mizani ya ndoano, hesabuni mizunguko, mpate nguvu inayotoka. Mafuta yapimeni kwa uzito kabla na baada. Lita moja ya mafuta ya taa ina joto la yuniti 10 hivi, yuniti zilezile za LUKU. Injini yenu ikitoa yuniti 1 ya kazi kwa lita, mko asilimia 10. Dizeli nzuri ya lori inatoa karibu 4. Andikeni namba hiyo ukutani kwa chaki, hata ikiwa ndogo, na msimfiche mgeni anayekuja na fedha. Ahadi ni deni, na mkopeshaji wa leo ndiye atakayekataa kumsikiliza kijana wa kesho.

Limebaki la roho zenu, na hili nalisema kama mzazi. Maji yakigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida yanatanuka zaidi ya mara 1,600. Tarehe 20 Machi 1905 boila ililipuka kwenye kiwanda cha viatu cha Grover, mjini Brockton, Marekani, watu 58 wakafa, na vilio vile ndivyo vilivyowasukuma wahandisi wa nchi ile kuandika kanuni za boila. Nimeona kijana akichomelea tanki la upepo la lori ili liwe boila. Nimeona mwingine na mtungi wa gesi ya kupikia. Msifanye hivyo kabisa. Tumieni koili ya bomba lisilo na mshono, lenye maji machache, ili likipasuka litoboke na kupuliza, lisilipuke. Valvu ya usalama isifungwe waya hata kwa dakika moja ya majaribio. Boila ijazeni maji baridi, toeni hewa yote, isukumeni kwa pampu ya mkono hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi, na iangalieni ikiwa imekaa hivyo. Kisha iteni mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, kabla ya moto wa kwanza.

Na maji yenyewe. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi na chokaa. Bomba la boila lililolishwa maji hayo ukilipasua kwa msumeno kwa urefu, ndani unakuta gamba jeupe gumu, na nje, mahali hasa lilipokaa gamba, chuma kimegeuka rangi ya zambarau na kuvimba. Joto lilikosa pa kupita, likakaa kwenye chuma. Bomba la namna hiyo halikupi onyo. Tumieni maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyochemshwa yakawa mvuke kisha yakapozwa bila chumvi, na mafuta ya kulainisha silinda yachujwe kabla maji hayajarudi kwenye boila, maana nayo yanaungua na kuganda ndani.

Pampu ya mkono ya majaribio ninayo, na geji ya presha iliyohakikiwa ninayo pia. Nipo Temeke, Jumamosi baada ya adhuhuri nakuwa nyumbani. Atakayekuja aje na mchoro wa kondensa na hesabu yake ya kilowati, tuipitie pamoja kabla hajanunua bomba.

Babu yenu,
fundi boila mstaafu, Temeke