Mtabiri wa tarehe ya mwisho aulizwe pia siku inayofuata

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nieleze jambo ambalo mimi, Mkristo ninayengoja kwa dhati kurudi kwa Bwana Yesu, linaniuma kila linapojirudia. Mhubiri akitangaza kwamba amepiga hesabu za Danieli na Ufunuo akaupata mwaka, mwezi au hata siku ya mwisho wa dunia, magazeti humpa kichwa cha habari kikubwa pamoja na picha. Lakini tarehe ile ikipita na jua likachwa kama lilivyokuwa likichwa, haonekani mwandishi wa kurudi kumuuliza imekuwaje. Ninachoomba ni kwamba arudi.

Hapa mezani ninapoandikia ipo Biblia ya marehemu baba yangu. Pambizoni mwa sura ya 8 ya Danieli, kando ya mstari wa 14 unaotaja nyakati za jioni na asubuhi 2,300, pana hesabu ya kutoa iliyoandikwa kwa penseli, na chini yake mwaka uliofutwa, ukaandikwa mwingine juu yake, huo nao ukafutwa, hata karatasi ikalika na kutoboka, na kupitia tundu lile zinaonekana herufi mbili za ukurasa unaofuata. Mwaka wa kwanza kuandikwa pale ndio niliokuwa nifanye mtihani wa kumaliza shule. Baba, mtu mpole ambaye sikumbuki amdhulumu yeyote, hakunilipia ada ya mtihani, kwa kuwa mhubiri aliyemwamini alikuwa amesema mwaka ule hautaisha. Ukaisha. Mtihani nilikuja kuufanya miaka miwili baadaye, na mhubiri yule hakuwaomba radhi waumini wake. Aliwapa mwaka mwingine.

Sisemi kwamba wanaopiga hesabu hizi ni wajinga. Hesabu ya baba yangu ilitoka mbali, kwa William Miller, mkulima wa jimbo la New York nchini Marekani aliyegeuka mhubiri wa Kibaptisti, na mtu akiifuata hatua kwa hatua ataona jinsi inavyovutia. Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6 huhesabu siku moja kuwa mwaka mmoja. Basi siku 2,300 ni miaka 2,300. Mwanzo wake ukiwekwa katika mwaka wa saba wa Artashasta, mfalme wa Uajemi, ambao ni 457 kabla ya Kristo, miaka hiyo inaangukia 1843, na kwa kuwa hakuna mwaka wa sifuri kati ya zama mbili, inasogea hadi 1844. Wafuasi wake wakaishia kutaja tarehe 22 Oktoba 1844 kuwa siku ya kurudi kwa Yesu. Maelfu walikesha, na baadhi ya wakulima waliacha mazao yao shambani bila kuvuna. Kulipokucha, walilia. Miller mwenyewe, na hili namheshimu nalo, aliandika mwaka uliofuata akakiri waziwazi kwamba alikosea. Wengine miongoni mwa waliokesha waliurudia mstari ule kwa unyenyekevu, wakaamini kwamba tukio lililotajwa humo, kutakaswa kwa patakatifu, lilikuwa la mbinguni wala si la duniani, na kutoka kwao likatokea Kanisa la Waadventista wa Sabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863, ambalo hadi leo linafundisha kwamba Yesu yu karibu lakini halitaji tarehe.

Wala kosa haliko katika udhaifu wa hesabu. Michael Stifel alikuwa mchungaji wa Kilutheri na mmoja wa wanahisabati hodari wa Ujerumani wa zama zake, rafiki wa Martin Luther. Naye alitangaza kwamba dunia ingeisha Oktoba 1533, akatia hata saa. Harold Camping wa Marekani, mhubiri wa redioni aliyekuwa mhandisi kwa taaluma, alitaja Septemba 1994, halafu 21 Mei 2011, halafu 21 Oktoba mwaka huohuo, na wapo wasikilizaji wake waliotumia akiba yao yote kuitangaza siku hiyo. Machi 2012 aliandika kukiri kwamba kutaja tarehe kulikuwa dhambi. Na sote tunakumbuka msitu wa Shakahola nchini Kenya, ambako kuanzia mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watoto na watu wazima waliofunga hadi kufa wakitarajia kukutana na Yesu kabla ya mwisho. Hapo ndipo mafundisho haya yanaweza kufika yasipokuwa na wa kuyahoji.

Kosa liko katika kukataa jibu lililokwisha kutolewa. Yesu alisema, katika Mathayo 24:36, kwamba habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika walio mbinguni, wala Mwana, ila Baba peke yake. Nimewasikia wengi wakiukwepa mstari huo kwa kusema kwamba siku na saa hazijulikani, lakini mwaka unajulikana. Hao wasome Matendo 1:7, ambako wanafunzi walimuuliza swali hilihili ana kwa ana, naye akawajibu, “Si kazi yenu kujua nyakati wala majira.” Majira yakishatajwa, mwaka unajifichia wapi?

Kinachonihuzunisha zaidi ni kwamba maneno yaliyoandikwa ili kufariji yamegeuzwa kuwa ya kutisha. Chukua neno unyakuo, yaani waumini kuchukuliwa juu kumlaki Bwana, ambalo siku hizi likitajwa mimbarani watoto hukosa usingizi kwa hofu ya kuamka na kukuta wazazi hawapo. Limetoka katika Wathesalonike wa Kwanza, sura ya 4. Wathesalonike walikuwa wamefiwa, na walihofu kwamba ndugu zao waliokwisha kulala mauti wangekosa kuwapo Bwana atakapokuja. Paulo akawaandikia wasihuzunike kama watu wasio na matumaini, kwa maana waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza, kisha walio hai watanyakuliwa pamoja nao. Hilo “pamoja nao” ndilo moyo wa habari yote: ni ahadi kwa mjane na yatima kwamba hawatatengana na wapendwa wao. Ndiyo maana sura inafungwa kwa maneno, “Basi, farijianeni kwa maneno hayo.” Nimesimama kwenye makaburi mengi na kuusikia mstari huo ukisomwa, na nimeona unavyomwinua mtu aliyekuwa hawezi kusimama.

Kanisa hilohilo lilipoletewa uvumi kwamba siku ya Bwana imekwisha kuwapo, mitume waliandika waraka wa pili kuwatuliza, na ndani yake wakawakemea walioacha kazi wakizurura na kujishughulisha na mambo ya wengine. Lile agizo kwamba asiyetaka kufanya kazi asile chakula, tunalopenda kuwatupia wavivu, limo katika waraka huohuo uliowaonya juu ya uvumi wa mwisho wa dunia.

Kuhusu mpinga Kristo na ile 666, namba ya mnyama anayetajwa katika Ufunuo, nitasema machache. Neno mpinga Kristo halimo kabisa katika Ufunuo. Limo katika nyaraka za Yohana, naye anasema kwamba hata wakati ule wapinga Kristo wengi walikwisha kuwapo. Irenaeo, askofu wa Lyon wa karne ya pili, alijaribu majina kadhaa ambayo herufi zake za Kigiriki hutoa jumla ya 666, kisha akakataa kumtaja yeyote, akisema kwamba kama ingefaa jina lijulikane wakati huo, lingetajwa na yule aliyeyaona maono. Aliishi karibu na mitume kuliko sisi kwa zaidi ya miaka 1,800, na bado alinyamaza.

Wapo watakaosema kwamba nataka unabii uwekwe kando. Sivyo hata kidogo. Kwamba Kristo atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu walio hai na wafu ni ungamo la Wakatoliki, Waorthodoksi na Waprotestanti vilevile, na limo katika Kanuni ya Imani ya Nikea wanayoikiri wote. Kama ile miaka elfu ya Ufunuo 20 itakuja baada ya kurudi kwake, au ni mfano wa zama hizi za Kanisa kama alivyofundisha Agostino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, Wakristo wameachana mawazo tangu kale, na wanaweza kuendelea kujadiliana bila kutishana. Kuhusu kukesha, Mathayo 24 yenyewe inaeleza maana yake: ni yule mtumwa ambaye bwana wake ajapo atamkuta akiwapa watu wa nyumbani chakula chao kwa wakati wake.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, siwaombi mfungie wahubiri hawa kurasa zenu. Waandikeni. Lakini mnapoandika, mwandishi wenu amuulize mhubiri kama yeye mwenyewe ameuza nyumba yake, na kama amewaambia waumini waache shule, kazi au dawa. Atie tarehe ile katika shajara ya chumba cha habari, na asubuhi yake afike pale kanisani na daftari lake. Awasikilize na waumini, si mhubiri peke yake, kwa maana wao ndio wanaobaki na madeni. Kumbukumbu la Torati 18:22 linasema kwamba nabii anayenena kwa jina la Bwana na neno lake lisitimie amelinena kwa kujikinai, na linaongeza, “usimwogope.” Baba yangu alimwogopa. Mwaka wa mwisho aliouandika pambizoni hakuuwahi kuufuta. Alifariki miezi minne kabla haujaanza, na mimi nimeuacha ulivyo.

Wenu katika imani,
Msomaji wa siku nyingi