Kwa mpwa wangu anayetaka kwenda mhadharani na Biblia na Kurani

Marahaba, mpwa wangu. Umeomba aya kumi za kumnyamazisha Mwislamu kwenye mhadhara. Sikuletei. Aya za kukatakata humfaa mwenye kipaza sauti tu, na mwenzako naye anazo kumi zake za Biblia mfukoni, tena huenda anazijua kwa kichwa kuliko wewe. Nitakueleza namna ya kuvisoma vitabu hivi viwili vikiwa wazi mezani, kama Mkristo anayeamini, bila kumzulia jirani yako neno.

Anza na nakala yenyewe. Kurani ya Kiswahili si moja. Ya Godfrey Dale ilitoka 1923. Alikuwa kasisi wa misheni ya Kianglikana Zanzibar, na maelezo yake yaliandikwa kwa jicho la mmisionari, kwa hiyo ukiitaja mbele ya Waislamu hutasikilizwa, na hawatakuwa wamekosea sana. Ya Sheikh Mubarak Ahmad ya 1953 ni ya Waahmadiya, ambao Waislamu wengi hawawakubali. Tumia ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyokamilika 1969, au ya Ali Muhsin al-Barwani. Hizo mbili zinasomwa misikitini kwetu. Kuna na mtego wa hesabu: Waahmadiya huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura, ndiyo maana aya ya kusulubiwa, 4:157 (sura ya 4, aya ya 157) kwa wengine wote, kwao ni 4:158. Ukitaja namba kutoka nakala moja huku mwenzako kashika nyingine, mtaonekana mnadanganyana kumbe mnahesabu tofauti.

Halafu usitarajie umbo moja. Biblia ni maktaba: vitabu 66 kwetu Waprotestanti, 73 kwa Wakatoliki, vilivyoandikwa kwa Kiebrania, Kiaramu kidogo na Kigiriki, na watu wengi kwa karne nyingi. Kurani ina sura 114, na Mwislamu anaamini iliteremshwa kwa mtu mmoja, kwa Kiarabu, tangu mwaka 610 hivi hadi 632. Baada ya Al-Fatiha, sura ya kwanza, sura zimepangwa takriban kwa urefu, ndefu mbele, fupi nyuma, wala hazifuati tarehe. Ukiisoma kama unavyosoma Mwanzo kwenda Kutoka utapotea ukurasa wa tano na kusema haina mpangilio. Mpangilio upo, ila si wa masimulizi.

Hapa ndipo wahubiri wengi wanapojikwaa. Kwa Mwislamu, neno la milele la Mungu limekuja kama kitabu. Kwetu, Neno alifanyika mwili (Yohana 1:14), na Biblia ndiyo shahidi wake. Basi kinachosimama mkabala na Kurani si Biblia, ni Kristo mwenyewe. Luka anaanza kwa kusema amejitafutia habari kwa usahihi na kuziandika kwa taratibu. Mwislamu akisikia hivyo anashangaa, maana kwake kazi ya namna hiyo ni ya wakusanyaji wa hadithi (maneno na matendo ya Mtume) na sira (habari za maisha yake), si ya wahyi, yaani ufunuo. Usione haya. Mweleze tu kwamba hatujawahi kudai Luka aliandikiwa imla neno kwa neno.

Sasa fungua sehemu moja na ukae nayo. Nakuchagulia Yusufu, kwa kuwa ndiye mtu ambaye Kurani inamsimulia tangu mwanzo hadi mwisho ndani ya sura moja, ya 12, yenye aya 111. Kwetu soma Mwanzo 37 hadi 50. Usiruke sura ya 38 kwa sababu ya aibu ya Yuda na Tamari, utaihitaji. Kazi ya jioni mbili hiyo. Chora mstari katikati ya karatasi, Mwanzo kushoto na Kurani kulia, uandike kila tukio na mahali lilipo.

Utakuta mengi yanalingana: ndoto ya nyota kumi na moja, shimo, Misri, mke wa bwana wake, gereza, ng'ombe saba wanono na saba waliokonda. Utakuta mengine ya Kurani peke yake: kanzu iliyochanika kwa nyuma ikawa ushahidi (12:25-28), wanawake wa mjini waliojikata mikono walipomwona (12:31), kanzu iliyorudisha macho ya Yakobo (12:93-96). Bei kwetu ni vipande ishirini vya fedha, na wauzaji ni ndugu. Katika Kurani anauzwa kwa dirhamu chache na hata jumla yake haitajwi. Mtawala anaitwa Farao katika Mwanzo na mfalme tu katika sura ya 12, jambo ambalo Waislamu hupenda kulitaja, basi lijue mapema.

Lakini hayo ni majani, mzizi uko kwa Yakobo na Yuda. Wanapoleta kanzu yenye damu, Yakobo wa Kurani hadanganyiki. Anawaambia nafsi zao zimewashawishi jambo, kisha anashika subira njema (12:18). Yakobo wa Mwanzo anadanganyika kabisa, tena kwa damu ya mbuzi, yeye aliyemdanganya baba yake kwa ngozi ya mbuzi (Mwanzo 27:16). Hilo ni deni linarudi nyumbani. Na Yuda, ndiye aliyetoa shauri la kumuuza Yusufu (37:26-27), ndiye aliyefedheheka mbele ya Tamari akakiri "yeye ni mwenye haki kuliko mimi" (38:26), na ndiye anayesimama katika 44:18-34 kuomba awe mtumwa badala ya Benyamini. Mistari 17, hotuba ndefu kuliko ya ndugu mwingine yeyote katika kisa hicho. Katika Kurani ombi hilo lipo, wanasema "mchukue mmoja wetu badala yake" (12:78), lakini ni aya moja, msemaji hana jina, na Yusufu anakataa. Katika Mwanzo, ni baada ya maneno ya Yuda ndipo Yusufu anashindwa kujizuia na kulia.

Kwa nini tofauti hiyo? Kila kitabu kina kazi yake. Sura ya 12 iliteremshwa Makka, inasomwa kwa mtume, Muhammad, anayekataliwa na watu wake, kumwonyesha kwamba Mungu humlinda mja wake hadi mwisho. Manabii wa Kurani ni vielelezo, na Uislamu unawaona wamelindwa wasitende madhambi mazito. Kitabu cha Mwanzo hakilindi heshima ya mtu yeyote. Mwislamu akikuuliza kwa uchungu, "Inakuwaje Biblia yenu inawatukana manabii? Daudi na mke wa Uria?", usilijibu swali hilo kwa kelele. Ni swali zuri kuliko yote utakayoulizwa. Biblia inasimulia hivyo kwa kuwa inasema hakuna mwenye haki hata mmoja, na Daudi yumo.

Fuata uzi huo hadi kwa Adamu. Katika Kurani Adamu anakosa, anapokea maneno kutoka kwa Mola wake, anatubu, anasamehewa (2:37), na mambo yanaishia hapo. Mwanadamu ni msahaulifu, anahitaji kukumbushwa na kuongozwa. Katika Mwanzo 3 mlango unafungwa na makerubi wanawekwa, na Paulo anasema dhambi iliingia ulimwenguni kwa mtu mmoja (Warumi 5:12). Ugonjwa ukiwa tofauti, dawa nayo haiwezi kuwa moja. Ndiyo maana 4:157, inayosema hawakumuua wala hawakumsulubu bali walifananishiwa, haimsumbui Mwislamu: msalaba kwake ni fedheha isiyo na kazi. Kwetu ukiuondoa hakuna kinachobaki. Unaweza kumwonyesha 1 Wakorintho 15:3-8, iliyoandikwa takriban miaka 25 tu baada ya tukio, na Tacitus, Mrumi asiyewapenda Wakristo, anayetaja kuuawa kwa Kristo chini ya Pontio Pilato. Ni ushahidi mzito wa kihistoria. Ila mwenzako atakujibu kwamba Mungu anajua kuliko mashahidi, na hapo mtakuwa mmefika kwenye tofauti yenyewe.

Utaambiwa Injili imebadilishwa. Jibu kwa tarehe. Kodeksi za Sinai na Vatikano, nakala za kale za Biblia zilizoandikwa kwa mkono, ni za karne ya 4, zaidi ya miaka 200 kabla ya Muhammad kuzaliwa, na tunaweza kuzisoma leo. Gombo la Isaya lililopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, limetangulia kuzaliwa kwa Kristo. Kisha soma naye 5:47, inayowaambia watu wa Injili wahukumu kwa yaliyomo ndani yake. Atakuletea 2:79, ya wanaoandika kitabu kwa mikono yao. Sawa, isomeni pamoja. Kuwa mkweli pia kwa upande wako: Marko 16:9-20 na kisa cha mwanamke mzinzi katika Yohana 8 havimo katika hizo kodeksi mbili. Ukificha hilo, siku atakayoligundua hatakuamini tena. Wala usijidai umemshika kwa visomo vya Kurani, yaani namna tofauti za kuisoma zilizopokewa. Ni kweli wapokezi wawili wa visomo wanatofautiana, Hafs anasoma *maaliki* na Warsh *maliki* katika Al-Fatiha, "mwenye" na "mfalme", lakini wanazuoni wao wameyajua hayo karne nyingi na maana haiyumbi.

Zipo hoja za kutupa. Kwamba Allah ni mungu wa mwezi: Wakristo Waarabu wanamwita Mungu jina hilo hilo katika Biblia yao. Kwamba Kurani ilimchanganya Mariamu na dada yake Haruni (19:28): swali hilo waliliuliza Wakristo wa Najran zamani, na jibu lake limo katika Sahih Muslim, kwamba watu walipewa majina ya waliowatangulia. Kukata 9:5, ya kuwaua washirikina, na kuacha 9:6, inayoamuru mshirikina akiomba hifadhi apewe na afikishwe mahali pa amani, huku umeruka 1 Samweli 15, ya kuangamizwa kwa Waamaleki. Yeye naye akileta Injili ya Barnaba, kitabu kisichomo katika Biblia ambacho Waislamu wengine hukitaja, mwonyeshe kwamba kitabu hicho kinakana Yesu kuwa Masihi, wakati Kurani inamwita Masihi (3:45), na kinataja yubile ya miaka mia wakati Walawi 25 inasema hamsini. Ile ya mia ilitangazwa na Papa Bonifasi VIII mwaka 1300. Akisema Msaidizi wa Yohana 14 ni Muhammad, msomee hadi 14:17, "anakaa kwenu", kisha Matendo 1:5, inayomtaja Roho Mtakatifu.

La mwisho ni la mezani. Ukikaribishwa kwake mkasome, msahafu usiuweke sakafuni, usiuweke chini ya vitabu vingine, wala usiuandike kalamu pembeni kama unavyofanya kwenye Biblia yako. Wengi wao hawaugusi wa Kiarabu bila udhu. Mwache aushike yeye, wewe soma tafsiri. Na Biblia yako iliyojaa mistari ya wino akiishangaa, mwambie ni kitabu cha kazi, kisha ufungue Mwanzo 37.

Mjomba wako