Kumwondoa mtoto kwa wazazi nako kuna madhara

Ndugu Mhariri,

Mjadala kuhusu watoto wanaoondolewa kwa wazazi wao huanza, karibu kila mara, na mtoto aliyeachwa nyumbani hadi akadhurika, na ni haki iwe hivyo, kwa kuwa kifo cha mtoto hakina fidia. Lakini yupo mwingine asiyetajwa: yule aliyechukuliwa ilhali mzazi wake alihitaji msaada tu. Habari zake haziandikwi, na ni nadra afisa aliyekosea juu yake kuitwa ajieleze.

Ibara ya 9 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inaruhusu utengano huo pale tu maslahi ya mtoto yanapoulazimu, tena kwa uamuzi unaoweza kupitiwa na mahakama. Miongozo ya Malezi Mbadala, iliyopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2009, inasisitiza kwamba umaskini peke yake usiwe sababu. Hata hivyo, nyumba isiyo na chakula huandikwa kwa wepesi katika jalada kuwa ni utelekezaji.

Linaloniumiza zaidi ni yale yanayofuata. Hatua huitwa ya muda. Mzazi hupangiwa kumwona mwanawe mara chache, mbele ya mtumishi anayeandika kila ishara. Mtoto, kwa maumbile yake, humzoea anayemlisha na kumlaza. Kisha mazoea hayo hugeuzwa ushahidi kwamba mzazi hana tena uhusiano naye, kana kwamba si mamlaka yenyewe iliyowatenga. Septemba 2019, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Norway ilikiuka haki ya maisha ya familia ya mama na mwanawe aliyekwisha kuasiliwa na walezi, na miongoni mwa sababu ilikuwa kwamba kukutana kwao kwa nadra hakukutosha kumpima mama huyo. Mtoto alikuwa amechukuliwa mwaka 2008, akiwa na umri wa wiki chache tu.

Sisemi mtoto anayepigwa aachwe hapo hata usiku mmoja. Ninachoomba ni kwamba kila ombi la kumwondoa mtoto lieleze kwa maandishi msaada uliotangulia kutolewa, madhara yatakayotokana na utengano wenyewe, mpango wa kumrudisha, na maneno ya mtoto mwenyewe ikiwa anaweza kujieleza. Hakimu asiyeyakuta hayo katika jalada alirudishe kwa aliyelileta.

Wako,
Msomaji