Mugonile, madereva: barua kwa wanaokesha barabarani

Wanangu madereva wa malori na mabasi ya njia ya Tunduma hadi Dar, pamoja na matingo wenu,

Mugonile. Asiye Mnyakyusa amuulize mwenzake: salamu hii inauliza kama mmelala. Mimi niliiitikia miaka 31 nikiwa kwenye usukani, bila hata siku moja kusikia naulizwa nini.

Nawaandikia kutoka Uyole, Mbeya, vidonge vya ugonjwa wa sukari viko mezani. Nilikwenda kupima mwaka niliostaafu, kwa sababu ya kiu na kuamka kukojoa kila saa. Kipimo cha sukari kikasoma 17, juu mno. Daktari akanipa karatasi ya vyakula, lakini muuguzi mmoja, binti mdogo tu, ndiye aliyeniuliza jambo ambalo sikuwahi kuulizwa: "Baba, huwa unakula saa ngapi?"

Nikacheka. Nilikuwa nakula lori likisimama. Makambako saa nane usiku, upepo unakata masikio, chipsi mayai zinafuka mvuke kwenye sahani, soda mbili, moja ya pale na nyingine ya njiani. Saa kumi niko Mafinga, macho mazito, naanza kuiwaza Kitonga, ule mteremko mkali wa kona.

Yule binti hakucheka. Alinieleza, na mengine nimeyasoma mwenyewe tangu siku ile, maana mstaafu ana muda.

Ukila, kongosho hutoa insulini. Insulini haibebi sukari, kazi yake ni kupiga hodi. Inafika kwenye seli ya msuli, inashika kipokezi kilichopo kwenye ukuta wake, na seli ikisikia inapandisha vibebeo vyake hadi ukutani, sukari inaingia kutoka kwenye damu. Mchana hodi inaitikiwa haraka. Usiku ubongo huachia melatonini, homoni ya giza, na kwa watu wengi kongosho nayo hupunguza insulini. Chipsi zilezile ambazo saa sita mchana zingepita salama, saa nane usiku zinabaki zikizunguka kwenye damu kwa muda mrefu zaidi. Rudia hivyo maelfu ya usiku, huku umekaa kwenye kiti, na seli zinazidi kuwa viziwi. Huo ndio ugonjwa wangu. Sisemi ni usiku peke yake, maana baba yangu naye alikuwa na sukari, na kitambi changu mlikiona.

Sasa, seli inajuaje kwamba ni usiku? Hapa ndipo nilipokoma kuona haya ni maneno ya kliniki tu. Chini ya ubongo, juu ya mahali mishipa ya macho inapopishana, kuna seli kama 20,000 zinazoshika saa kuu ya mwili. Ini lina saa yake, kongosho ina yake, moyo una yake. Wamarekani watatu, Hall, Rosbash na Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuonyesha saa hiyo ya ndani ya seli inavyofanya kazi, na waliichunguza kwa inzi wa matunda. Anayelijua boya la tangi la choo ataielewa. Jeni inaagiza protini itengenezwe. Protini inajaa kidogo kidogo, ikishajaa inarudi kwenye kiini cha seli na kuifunga jeni ileile iliyoiagiza. Kisha protini inachakaa, boya linashuka, jeni inafunguka tena. Mzunguko huo huchukua karibu saa 24.

Karibu, si kamili. Kwa binadamu wengi huzidi kidogo, kwa hiyo lazima irekebishwe kila siku. Saa kuu hurekebishwa na mwanga unaoingia machoni, lakini saa ya ini husikiliza sana chakula. Ndiyo kusema, ukila pilau saa tisa usiku, ubongo unasema usiku na ini linaambiwa kumekucha. Ni dereva aliyeambiwa Dar na utingo aliyeambiwa Songea: wakifika njia panda ya Makambako ugomvi unaanza. (Waliotuachia hesabu ya saa za mchana zinazoanza jua likishachomoza hawakuwa wajinga.)

Mengine nayataja tu. Presha hushuka mtu anapolala usiku, na ya anayekesha mara nyingi haipati nafuu hiyo. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kazi ya zamu za usiku, mwaka 2007 na tena 2019, kwenye kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani.

Najua hamwezi kuacha usiku. Tangu mabasi yaruhusiwe tena mwaka 2023 usiku umekuwa mkate wa wengi. Basi kuleni mshibe kabla ya kuondoka, jioni, na njiani mpite na maji na karanga. Ukilala mchana kwenye kebini, funga shuka nzito madirishani, simu iwe mbali. Ukimaliza safari alfajiri na unakwenda kulala, vaa miwani ya jua, wacha wakucheke stendi. Kati ya saa nane na saa kumi na mbili alfajiri mwili uko chini kabisa, na enaji haifuti hilo, inakuficha tu usijione. Mirungi ndiyo kabisa, nisiiseme. Mwenye dawa asihamishe saa zake kwa kichwa chake. Amwambie daktari wazi kwamba anaendesha usiku, hasa anayechoma insulini, kwa sababu sukari ikishuka ghafla Kitonga hakuna pa kuegesha.

Limebaki la matajiri wenye magari. Wangu alihesabu saa za kufika, hakuhesabu saa za kulala, na mimi nilinyamaza kwa kuogopa kunyang'anywa gari. Ninyi mna chama. Kikao kijacho andikeni kwenye ajenda jambo moja tu, saa ya kufika iongezwe ili saa za kulala zipatikane. Nitakuja kuwasemea mwenyewe, ila msikiitishe usiku.

Babu yenu, Uyole